Redio Imenyamaza Mchana Kweupe? Weka Bisibisi Chini Kwanza

Tarehe 11 Novemba 2025, saa saba na dakika nne mchana, jua likiwa juu ya vichwa vyetu hapa Nawoitorong, Turkana, mlipuko mkubwa ulitokea kwenye uso wake. Waliopima waliupa daraja la X5.1. Upande wote wa dunia uliokuwa na mchana saa hiyo, Afrika na Ulaya hasa, masafa mafupi ya redio yalififia au yakazimika. Kishindo hakikusikika. Aliyekuwa akisikiliza habari alisikia tu sauti ikizama, kisha kimya.

Swali nililokuwa nikiulizwa mara mojamoja sasa ni la kila wiki, kutoka Kanamkemer hadi Kakuma: "Fundi, redio yangu imekufa ghafla mchana. Ni jua ama ni redio?" Wengine huuliza wakiwa wameshaifungua. Redio ya mwisho niliyoletewa ilikuwa nzima kabisa siku iliponyamaza. Ilipofika mezani pangu koili zake zilikuwa zimezungushwa kwa bisibisi, na kuzirudisha mahali pake kulinichukua siku mbili. Naandika ili upate jibu mwenyewe, kwa dakika tano, bila kumlipa fundi.

Najua wapo watakaosema masafa mafupi yamepitwa na wakati. Lodwar mjini, pengine. Lakini mfugaji aliye malishoni mbali na mlingoti wa FM hana kingine. Na Kakuma, kambi ya wakimbizi iliyoanza mwaka 1992, ina watu ambao habari za kwao huja kwa njia hii: Msudani anayetafuta Radio Dabanga, Msomali anayesubiri Radio Ergo. Mtu ambaye ndugu zake wako vitani, redio ikinyamaza anawaza mabaya. Anastahili kujua kama kilichonyamaza ni anga tu.

Kinachotokea, kwa kifupi

Mawimbi ya masafa mafupi husafiri mbali kwa kugonga tabaka la juu angani na kurudi chini. Chini ya tabaka hilo, kati ya kilomita 60 na 90 hivi kutoka ardhini, kuna tabaka jingine linaloundwa na mwanga wa mchana. Hili halirudishi mawimbi, linayameza. Jua likilipuka, eksirei zake hutufikia kwa dakika nane na ushei, sawa na mwanga wenyewe. Tabaka hilo la chini hunenepa ghafla na kumeza mengi kuliko kawaida.

Mambo matatu ya kushika:

- Hutokea mchana tu, na huuma zaidi pale jua lilipo utosini. Turkana iko kama nyuzi tatu kaskazini ya ikweta, kwa hiyo tumo katikati ya shabaha.
- Bendi za chini huzimika kwanza na kurudi mwisho. Bendi za juu huzimika mwisho, au haziguswi kabisa.
- Huisha lenyewe: mara nyingi kwa dakika chache hadi saa moja. Mlipuko mkubwa unaweza kukuweka kimya saa moja na nusu au zaidi.

Alama kubwa ni kimya

Hapa ndipo wengi hukosea. Kwa kawaida mlipuko wa jua hauleti kelele redioni, unaziondoa. Ile mikwaruzo ya radi za mbali, zile stesheni hafifu zinazong'ang'ana nyuma, hata mlio wa kawaida wa anga, vyote humezwa pamoja. Unabaki na mvumo mwembamba wa redio yenyewe, kana kwamba umeikata antena.

Ukisikia ngurumo, mlio wa nyuki, au "trrr" isiyokoma, hilo si jua la angani. Huenda ni la paani kwako, na nitalifikia.

Dakika tano za kupima

1. Tazama saa na uiandike. Hapa kwetu jua huchomoza na kutua karibu na saa kumi na mbili na nusu, asubuhi na jioni. Ikiwa ni usiku wa manane, acha kulishuku jua.
2. Weka FM. Tafuta stesheni ya jirani, kwa mfano Radio Akicha ukiwa Lodwar. Mlipuko haugusi FM ya karibu. Ikisikika safi, spika na betri ni nzima.
3. Ikiwa FM nayo inakwaruza au inazima ukiongeza sauti, mawe yameisha. Badilisha, usitafute jambo kubwa.
4. Rudi masafa mafupi upite bendi yote, si stesheni moja. Stesheni moja ikikosekana na nyingine zipo, tatizo ni la stesheni hiyo.
5. Panda bendi moja baada ya nyingine: mita 49, 41, 31, 25, 19, 16, 13. Ikiwa chini ni kimya na juu kuna uhai, umeshapata jibu.
6. Kama una jirani mwenye redio ya namna hiyo, mpigie. Redio mbili haziharibiki dakika moja.

Angalizo kwa wageni wa redio: "kupanda" maana yake ni kuongeza megahezi, na mita zinapungua. Mita 49 ni megahezi 6 hivi, mita 16 ni megahezi 17 na nusu. Nimeona watu wakihama kutoka mita 25 kwenda 49 wakidhani wamepanda, ndipo wakazidi kupotea.

Ukishajua ni jua

- Panda hadi mita 19, 16 au 13. Kwa kukadiria, ukiongeza megahezi mara mbili, kumezwa hupungua hadi kama robo. Ndiyo maana stesheni iliyopotea mita 31 inaweza kusikika kwenye masafa yake mengine ya mita 16, ikiwa inayo.
- Kama hakuna kitu juu pia, zima redio. Usiunguze mawe ukingojea. Jaribu baada ya nusu saa, ukianzia bendi za juu, kwa kuwa ndizo hufufuka kwanza.
- Usizungushe kitu chochote ndani. Usikate wala kurefusha antena.
- Usidhani jambo limeisha siku hiyo. Tarehe 6 Septemba 2017 jua lililipuka saa sita na dakika kumi mchana kwa daraja la X2.2, kisha saa tisa na dakika mbili alasiri kwa X9.3. Doa la jua lililolipuka mara moja laweza kulipuka tena siku zinazofuata, mpaka mzunguko wa jua ulipeleke upande usiotutazama.

Kuna mgeni wa pili. Baadhi ya milipuko hurusha wingu zito ambalo huchukua siku moja hadi tatu kufika, na likitugonga huzua dhoruba ya sumaku ya dunia. Usichanganye haya mawili. Mlipuko ni wa mchana, wa ghafla, wa muda mfupi, na dawa yake ni kupanda. Dhoruba huweza kudumu siku nzima au mbili, usiku na mchana, na mara nyingi bendi za juu ndizo hukataa, kwa hiyo dawa ni kushuka. Karibu na ikweta dhoruba haina tabia moja, kwa hiyo anza kushuka, kisha ujaribu na juu pia. Dhoruba ya Mei 2024 ilifika daraja la G5, la juu kabisa, na ilikuwa ya kwanza kulifikia tangu Oktoba 2003.

Wanaosingiziwa jua

Kwa redio ninazoletewa, jua huwa na hatia mara chache. Wenye hatia ni hawa.

*Sola ya paani.* Huyu ndiye wa kwanza, na ndiye anayenisikitisha, maana familia imetoa pesa yake kununua mwanga na sasa imepoteza habari. Kontrola ya bei nafuu, invata, chaja ya simu na balbu za taa hutoa mawimbi yao wenyewe, na redio huyameza kama matangazo. Dalili: kelele huanza jua likipanda, hutulia wingu likipita, huisha jioni, kisha hurudi kwa sauti nyingine taa zikiwashwa. Ndiyo maana watu husema "ni jua." Pima hivi:

- Beba redio ikitumia mawe, tembea hatua 30 kutoka nyumbani kuelekea laga, yaani mto mkavu, au uwanja mtupu. Kelele ikipungua, chanzo kiko nyumbani.
- Funika paneli kwa blanketi zito. Kelele ikikatika, ni kontrola.
- Ukiamua kuchomoa nyaya, toa za paneli kwanza, za betri baadaye. Ukianza na betri unaweza kuiunguza kontrola.

Suluhisho la kudumu ni umbali. Sikiliza ukiwa mbali na kontrola, kwa mawe, si kwa chaja. Kakuma, ambako mabati yamebanana, kelele inaweza kuwa ya jirani. Kuongea naye kutakusaidia kuliko kununua redio mpya.

*Ratiba.* Stesheni za masafa mafupi hubadilisha masafa mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Stesheni uliyoizoea miezi saba inatoweka usiku mmoja. Miezi hiyohiyo jua liko karibu na utosi wetu, basi watu huunganisha. Kabla ya tarehe hizo, sikiliza tangazo la masafa mapya uyaandike.

*Kituo kimefungwa.* Channel Africa ya Afrika Kusini, iliyokuwa na Kiswahili, iliacha masafa mafupi Machi 2019. Sauti ya Amerika ilinyamazishwa Machi 2025. Hakuna antena itakayoirudisha stesheni ambayo mitambo yake imezimwa. Ukipoteza stesheni kwa wiki mbili mfululizo, mchana na usiku, acha kulaumu anga.

*Adhuhuri ya kawaida.* Lile tabaka linalomeza lipo kila siku, hata jua likiwa tulivu. Mita 49 hufifia asubuhi jua likipanda na kurudi jioni. Hiyo si hitilafu. Mchana kaa mita 25 kwenda juu, usiku shuka mita 31, 41 na 49.

*Mtetemo wa baada ya magharibi.* Huku ikweta, jua likishatua, tabaka la juu huchafuka na sauti hutetemeka kana kwamba inapita kwenye mapanga ya feni. Hali hii huzidi Machi na Aprili, Septemba na Oktoba, hasa miaka ambayo jua lina madoa mengi. Inachosha masikio, lakini hutulia kadiri usiku unavyoingia. Jaribu masafa mengine ya stesheni hiyohiyo, kwani si yote hutetemeka sawa.

*Radi na vumbi.* Radi za milima ya Ethiopia au za Karamoja husikika kama vipigo vikavu kwenye bendi za chini. Upepo wa vumbi ukipiga waya mrefu wa antena huleta mchakacho. Wakati huo chomoa waya, tumia antena ya redio.

Maswali mnayonirudishia

*"Mbona simu yangu ilifanya kazi?"* Simu huongea na mlingoti ulio karibu, kwa mawimbi yasiyohitaji kugonga anga na kurudi. Tabaka lile haliyasumbui.

*"Basi joto la Turkana ndilo linalosababisha?"* Hapana. Siku ya mlipuko haiwi na joto zaidi, na siku ya joto kali inaweza kuwa tulivu kabisa redioni. Kinachohesabika ni jua kuwa juu angani.

*"Hizo eksirei hazituumizi?"* Hazifiki ardhini, anga huzizuia zote. Ndiyo sababu wanaotaka kupima eksirei za angani hupeleka vyombo nje ya anga. Kimojawapo kilirushwa kutoka pwani yetu, kwenye jukwaa la San Marco karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wetu, kikaitwa Uhuru. Kilikuwa cha kwanza duniani kutengwa kwa kazi hiyo, na jina hilo hunipa fahari kila nikilitaja.

*"Nikinunua redio ya bei ghali itashinda?"* Haitashinda. Redio haiwezi kushika wimbi lililomezwa njiani.

*"Na nikifunga waya mrefu?"* Wakati wa mlipuko hautasaidia. Siku nyingine zote utasaidia sana. Meta nane hadi kumi za waya wa shaba kutoka kwenye mgunga hadi dirishani, ukibanwa kwenye antena ya redio, hutosha. Ukizidisha, redio ndogo hulemewa na stesheni hupandana. Usiupitishe karibu na nyaya za stima, na uushushe mawingu ya radi yakikusanyika, kabla radi haijaanza kupiga.

*"Nilipoteza stesheni saa mbili usiku. Ulisema usiku hakuna."* Swali zuri. Tazama mawimbi yanatoka wapi. BBC ilianza kurusha kutoka kisiwa cha Ascension, katikati ya Atlantiki, mwaka 1966. Hapa ikiwa saa mbili usiku, kule jua bado ni la alasiri. Mlipuko ukitokea, mawimbi humezwa mwanzoni mwa safari. Stesheni zinazotoka mashariki au kusini, ambako giza limeingia, zitakuwa salama. Hamia huko.

*"Kuna tahadhari inayotangulia?"* Kwa mlipuko wenyewe, hakuna. Habari yake husafiri kwa mwendo wa mwanga, na eksirei nazo hali kadhalika. Kilichopo ni makadirio ya siku, kama ya mvua. Kituo cha Marekani cha hali ya anga za juu, SWPC, huyatoa bure mtandaoni, na kituo cha shirika la anga la Afrika Kusini, SANSA, kilichopo Hermanus, hufanya kazi usiku na mchana kwa ajili ya Afrika. Utaona daraja hizi, kwanza ukubwa wa mlipuko, kisha daraja la usumbufu wake redioni:

- M1: R1, usumbufu mdogo, huenda usiutambue.
- M5: R2, bendi za chini hufifia.
- X1: R3, masafa mafupi huzimika upande wa mchana, hata kwa saa nzima.
- X10: R4. X20: R5. Hizi ni nadra. Hata ule wa X9.0 wa tarehe 3 Oktoba 2024, uliotupata saa tisa na dakika 18 alasiri, ulikuwa R3.

*"Si walisema kilele cha jua kimepita?"* Mzunguko huu ulianza Desemba 2019, na Oktoba 2024 ikatangazwa kwamba umefika kileleni. Lakini milipuko mikali hupenda mteremko. Ule wa tarehe 4 Novemba 2003, mkubwa hata vipimo vikajaa, ulikuja kama miaka miwili au zaidi baada ya kilele cha wakati ule.

Saa za kimataifa bila kupotea

Taarifa zote za milipuko huandikwa kwa saa za kimataifa, na hapa watu huchanganyikiwa: wanaongeza tatu kupata saa za Afrika Mashariki, kisha wanatoa sita kupata za Kiswahili. Fupisha: toa tatu tu. Ukisoma 10:04, toa tatu, ni saa saba na dakika nne. Ukisoma 12:18, ni saa tisa na dakika 18. Jibu likiwa sifuri au chini yake, ongeza 12. Likizidi 12, toa 12.

Kwa wenye redio za mawasiliano

Zahanati, walinzi wa mpaka, mashirika ya misaada: nyinyi mna dhamana ya maisha ya watu. Mtandao wa redio wa Madaktari Warukao wa AMREF uliunganisha hospitali za mbali za nchi hii kwa masafa mafupi kwa miongo mingi. Huko Lokichoggio pia, kuanzia mwaka 1989, waliita kwa redio timu za misaada zilizokuwa Sudan Kusini, nazo zikaitikia kila siku. Nidhamu yao bado inafaa:

- Pangeni masafa matatu kabla ya safari: la chini kwa usiku, la kati, na la juu kwa mchana na kwa dharura ya jua. Yaandikwe kwenye karatasi ndani ya gari.
- Wekeni saa ya kuitana na saa ya akiba, dakika 90 baadaye. Mliyeshindwa kumpata saa nne, mwiteni tena saa tano na nusu kabla ya kutuma gari la kumtafuta.
- Msiongeze nguvu ya mtambo. Mtamaliza betri ya gari, na tabaka litaendelea kumeza.
- Msipange mwito muhimu adhuhuri ikiwa asubuhi inafaa.
- Simu ya setilaiti kwa kawaida haizimwi na mlipuko. Iwe na chaji siku zote.

Daftari la kijiji

Penye redio moja na wasikilizaji kumi chini ya mti, mmoja awe mwandishi. Daftari la shule linatosha: tarehe, saa ya kunyamaza, bendi zilizokufa, bendi zilizobaki, FM ilisikika au la, saa ya kurudi. Andikeni hivi, kwa mfano: "Mita 31 na 25 kimya saa 7:05, mita 16 hafifu, FM safi, mita 25 imerudi saa 7:50." Mtu akija na taarifa ya mlipuko kutoka mtandaoni, toeni saa tatu na mlinganishe.

Na mzee aliyekuwa akifuata habari za kwao akiuliza mbona imekatika katikati, msimwambie imeharibika. Mwambieni jua limelipuka, muda si mrefu mtajaribu tena kwenye mita 16, kisha mmletee maji ya kunywa mkisubiri.